Sista, Jina Lako Nani?

Matatu zinazotoka Kawangware na Kangemi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi huwabeba wanafunzi wengi wa uuguzi. Utamjua kwa viatu vyeusi vilivyong'arishwa na kwa sare inayochungulia chini ya sweta. Amepanga chumba huko kwa sababu kodi ya karibu na hospitali imemshinda. Daftari liko magotini, midomo inarudia vipimo vya dawa bila sauti. Zamu ikianza atakuwa amesimama kando ya kitanda cha mtu asiyemjua, labda cha mama yako.

Nawaandikia kuhusu dakika hiyo, mwanafunzi wa uuguzi na mgonjwa wanapotazamana mara ya kwanza.

Miaka michache iliyopita shangazi yangu alilazwa katika hospitali moja hapa jijini Nairobi. Mwanafunzi akaja kumwekea dripu, akadunga, akaukosa mshipa. Mikono ilikuwa ikimtetemeka. Nami nilikuwa sijalala siku mbili, nikamkaripia wadi nzima ikisikia: "Tuitie sista anayejua kazi!" Hadi leo naona alivyoinamisha uso. Shangazi ndiye aliyenishika mkono. "Mwache mtoto wa watu. Mwenye ujuzi na aje asimame naye." Akaja sista mkubwa, mama wa makamo, wala hakumpokonya sindano. Alimwonyesha namna ya kuufunga mkono, akamwambia apapase kwanza, kwa maana mshipa hautafutwi kwa macho, hutafutwa kwa kidole. Mara ya pili dripu ikaingia. Shangazi akamuuliza, "Sista, jina lako nani?" Nilikuwa nimeshinda pale siku nne, na sikuwa nimemuuliza jina mtu yeyote aliyetuhudumia.

Tunawaona wauguzi wetu visivyo, na kosa letu husikika hata kwenye salamu. Kijana wa kiume akiingia wadini na mashine ya kupima presha, tunamwita daktari. Mwanamke aliyesomea udaktari akija na faili, tunamwomba beseni. Nyumbani nako binti akisema anataka uuguzi, wajomba humuuliza kama alama za udaktari hazikutosha, kana kwamba uuguzi ni kituo cha walioshindwa safari. Lakini fani hii ina mizizi yake katika jiji hili. Hospitali ya Kenyatta ilianza mwaka 1901 ikiwa hospitali ya Waafrika yenye vitanda 40. Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya (KMTC), jirani yake pale kilimani, kinahesabu miaka yake tangu 1927, na Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kutoa shahada ya uuguzi mwaka 1992. Anayesomea diploma husoma miaka mitatu, darasani na wadini, kisha hukabili mtihani wa Baraza la Wauguzi kabla ya kupewa leseni. Uingereza ilipotia saini makubaliano na Kenya mwaka 2021 ili wauguzi wetu wakafanye kazi kule, ilijua inatafuta nini. Sisi wenyewe tulikuwa tumeonjeshwa thamani yao mwaka 2017, wauguzi wa kaunti walipogoma kuanzia Juni hadi Novemba.

Linaloniuma zaidi ni hofu. Darasani mwanafunzi hufundishwa kuosha kidonda hatua kwa hatua. Wadini humkuta sista mmoja mwenye vitanda vingi kuliko mikono, na sista huyo ametoka kukemewa na daktari. Sista humkemea mwanafunzi, jamaa za mgonjwa nao huongeza lao. Sasa mwanafunzi huyo akikosea kipimo cha dawa, unadhani atasema? Aliyezoea kuaibishwa hujifunza kuficha, na kosa lililofichwa ndilo linaloua. Anayejua kwamba atasikilizwa atakimbia kusema papo hapo, mgonjwa akaokolewa. Kwa hiyo upole ninaouomba hapa ni kinga ya mgonjwa kabla ya kuwa adabu.

Najua wapo wanaosoma haya wakiwa na kidonda. Wapo akina mama waliotukanwa wakijifungua, na wazee walioita usiku kucha bila kuitikiwa. Siwaombi wanyamaze. Mkataba wa haki za wagonjwa ambao Wizara ya Afya iliutoa mwaka 2013 unakupa haki ya kuhudumiwa kwa heshima, kuelezwa matibabu yako na kulalamika. Unakupa pia wajibu wa kuwaheshimu wanaokuhudumia. Peleka lalamiko kwa mkubwa wa wadi, na asipokusikia lipeleke juu yake, hadi kwa Baraza. Ukitaka mwanafunzi asikuguse bila msimamizi, sema hivyo kwa utulivu, una haki.

Basi ndugu yangu, safari hii ukienda kumwona mgonjwa wako, iwe Kenyatta, Mbagathi au zahanati ya mtaani kwenu, muulize jina anayemhudumia, ulitumie. Mwanafunzi akisema anajifunza, mshukuru kwa kusema kweli. Nanyi masista wakubwa, najua mmechoka, na kuchoka kwenu si uvivu; lakini dakika tano za kusimama kando ya mwanafunzi ndizo atakazozibeba miaka thelathini. Wahadhiri, shukeni wadini mara nyingi zaidi, mwone jinsi somo lenu linavyofika kitandani. Na serikali ya kaunti iajiri wauguzi wa kutosha, maana mtu mmoja hawezi kuuguza wadi nzima na kufundisha kwa wakati uleule.

Siku shangazi aliporuhusiwa kwenda nyumbani, mwanafunzi yule alikuja kuaga akiwa na daftari lake la mafunzo, lile ambalo kila kazi aliyoifanya hutiwa sahihi na msimamizi. Shangazi akalichukua, akalifungua ukurasa wa dripu, akaomba kalamu. Binti akamweleza kwa heshima kwamba hakuna nafasi ya mgonjwa kutia sahihi.

"Basi waambie walimu wako waiweke," shangazi akasema. "Mkono ulikuwa wangu."