Weusi wa wavu si ladha

Ndugu mchoma nyama, wewe wa mnadani na wewe wa banda la stendi, leo naacha mahindi kidogo tuzungumzie wavu wako. Wengi mnaniambia wavu ukisafishwa sana nyama inapoteza ladha. Sikubaliani. Ladha inatoka kwenye nyama, chumvi na moshi wa mafuta yanayodondokea mkaa leo. Gamba lile jeusi ni mabaki ya wiki nzima. Linabanduka, linashika nyama ya mteja na kuitia uchungu, na usiku linaita panya na mende.

Usafi wenyewe ni rahisi mradi wavu ungali wa moto. Mteja wa mwisho akiondoka, usimwagie mkaa maji. Uache uunguze mabaki kwa dakika 10 hivi, kisha kwangua kwa ubao mgumu na umalizie kwa nusu ya kitunguu uliyoichoma kwenye uma mrefu. Ukiuacha upoe, kesho utasugua mpaka mkono uume. Asubuhi upashe moto, uupake mafuta ya kula kidogo kwa kitambaa, kutu haitaukaribia.

Brashi ya waya nina ugomvi nayo. Ikichakaa, nyuzi zake hukatika, hunasa kwenye wavu na kuingia kwenye nyama. Mwaka 2012 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilitoa taarifa ya wagonjwa 6 wa hospitali walioumia hivyo, na baadhi yao walipasuliwa tumbo. Mteja wako akichomwa koo, nani atarudi kula kwako?

Wavu ukioza, usikubali fundi akuwekee waya wa banda la kuku kwa sababu ni rahisi. Waya ule umepakwa zinki, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 420 hivi. Mkaa uliokolea unafika huko, na moshi wake haufai kuvutwa. Dai nondo nyembamba zisizopakwa kitu. Ni ghali, lakini utakaa nazo.

Majivu yatoe yakishapoa kabisa, maana yakilowa yanakula bati la chini. Nyunyiza kidogo bustanini, isipokuwa kama udongo wako tayari una magadi.