Fomu za maumivu: mkwezi aulizwe nini?

Ndugu msomaji, ukienda kwa daktari na mgongo uliokuuma kwa miezi mitatu au zaidi, huenda ukapewa fomu ya maswali uijaze. Usiidharau. Picha ya eksirei haionyeshi hofu, na mara nyingi hofu ndiyo inayomlaza mtu kitandani hata baada ya jeraha kupona.

Lakini fomu hizi hazifanani. Ile iliyotolewa na Michael Sullivan na wenzake huko Kanada mwaka wa 1995 ina maswali 13. Inauliza mawazo: je, huachi kuyafikiria maumivu? Waona hayatakwisha? Ile ya Tampa, Marekani, yenye maswali 17, huuliza woga wa kujisogeza. Ya tatu, ya Michael Nicholas wa Australia, ina maswali 10 tu, nayo hugeuza upande: pamoja na maumivu yako, waweza kufanya nini? Katika hii, alama nyingi ni heri. Katika zile mbili, alama nyingi ni dalili ya taabu.

Sasa mchukue mkwezi wa huku Utange aliyeanguka mnazini. Muulize kama anaogopa kujiumiza akifanya mazoezi. Atasema la, kwani mazoezi kwake ni mambo ya vijana wa kandanda. Fomu itaandika kwamba hana woga! Muulize basi kama atapanda mnazi kesho, uone atakavyotazama chini. Na je, woga wa mtu aliyekwisha kuanguka ni ugonjwa, au ni busara?

Tena wapo wanaosomewa fomu na watoto wao. Baba gani atakiri mbele ya mwanawe kwamba usiku hulia? Sisi watu wa Pwani hujibu "sijambo" hata tukiwa tumebebwa.

Kwa maoni yangu, zahanati zetu zianze na ile ya Nicholas. Huuliza kazi na shughuli za nyumbani, mambo yasiyomwaibisha mtu, na baada ya majuma kadhaa daktari anaweza kuuliza tena na kulinganisha. Ya Sullivan ifuate kwa asiyelala kwa mawazo. Ya Tampa ingoje hadi maneno yake yaguse kazi za watu wetu.

Nawe msomaji, swali usilolielewa liache wazi umwonyeshe daktari, kisha umweleze ni kazi gani uliyokuwa ukiifanya ambayo sasa huiwezi.