Aliyeweka Bati Ajue Maji Yake Yanaenda Wapi

Vijana wenzetu, leo tunasema wazi. Nyumba nyingi za tofali bichi huku kambini haziangushwi na mvua ya juu. Zinaangushwa na maji ambayo mtu ameyakusanya mwenyewe, akayapitisha kwenye bomba, halafu akayaachia mahali pabaya.

Tupige hesabu ya darasani tu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita 20 kwa 8 lina mita za mraba 160. Ikinyesha milimita 30, hizo ni lita 4,800, yaani mapipa 24 ya lita 200. Bila gata, maji hayo yanadondoka kwenye urefu wote wa paa. Ukiweka gata, yote yanatokea kwenye bomba moja au mawili. Sasa fikiria nyumba ya mama mmoja iko hapo chini, mbele ya mdomo wa bomba.

Tofali bichi likilowa linarudi kuwa tope. Linaanza kuliwa chini, kwenye msingi, huku juu ukuta unaonekana mzima. Usiku watoto wamelala, na ukuta nao unakuja kulala juu yao.

Wenye majengo makubwa wanatujibu: "Bomba tayari tumeweka." Ndiyo mmeweka, lakini limeishia kwenye kona ya jengo lenu, na mdomo umeelekea kwetu. Kwenye ripoti kazi imekwisha, kwetu ndiyo imeanza!

Wengine ni wakimbizi wenzetu, wanasema: "Hapa tunapita tu." Jamani, Nyarugusu ilifunguliwa 1996. Mtoto aliyezaliwa humo mwaka ule leo ni mtu mzima, pengine ana watoto wake. Ukuta haukuulizi tarehe ya kurudi kwenu.

Na sisi kwa sisi je? Mtu akipata bati, anachimba kamfereji kake usiku, maji yanaingia kwa jirani. Asubuhi ni matusi, mara Mkongo, mara Mrundi. Maji hayana taifa, yanafuata mteremko uliowapa.

Dawa yake siyo ya mamilioni. Elbo moja na kipande cha bomba, mdomo utoke walau mita 2 mbali na ukuta wowote. Kama bomba hakuna, chimba mfereji wenye mteremko, utandike mawe ili maji yasichimbe. Mwisho wake uwe kwenye migomba, bustani, au pipa lenye mfuniko, maana pipa wazi ni nyumba ya mbu. Usiupeleke chooni, shimo la choo likijaa maji linabomoka. Wala usiuachie kwenye njia ya watu.

Kwa hiyo tunadai mambo mawili. Kwanza, mwenye paa awajibike na maji yake mpaka yanapoishia, siyo mpaka yanapotoka kwake. Pili, kabla jengo halijapokelewa, viongozi wa kijiji waitwe walikague mvua ikinyesha, siyo jua likiwaka.

Majembe tunayo na mikono tunayo, hata Jumamosi hii tuko tayari kuchimba. Kilichobaki ni hiyo elbo na hilo bomba. Vije kabla mvua hazijakolea, siyo baada ya mazishi.