Kabla uanze biashara ya kuuza ploti isiyo yako

Umeziona zile video. Kijana wa Atlanta, kofia imegeuzwa nyuma, anakwambia alivyotengeneza maelfu ya dola kwa nyumba ambayo hajawahi kuimiliki. Wamarekani huiita holseli ya nyumba: unasaini mkataba na mwenye mali kwa bei ya chini, unatafuta mnunuzi wa bei ya juu, na tofauti ni yako.

Mimi nilizitazama zote. Chuo nilikiacha mwaka wa pili, mtaji sikuwa nao, lakini mdomo ninao. Nikasema hii kazi ni yangu.

Sasa sikia. Dili kama hilo lina njia mbili za kufungwa. Ya kwanza ni kuhamisha mkataba: unampa mnunuzi nafasi yako, yeye anamalizana na mwenye mali, wewe unalipwa ada. Ya pili ni kufunga mara mbili: unanunua mwenyewe, kisha unauza. Walimu wa mitandaoni wanasifu ya pili faida ikiwa nono, kwa sababu hakuna anayeona umebaki na ngapi.

Hapo ndipo tunakosana.

Anza na hesabu. Kule Marekani mauzo yote mawili yanaweza kufungwa siku moja, na kuna watu wa kukukopesha pesa za saa chache tu. Huku ploti haihamishwi hivyo. Chukua ploti ya mjini ya Sh1 milioni unayotaka kuuza Sh1.3 milioni. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, kwa hivyo unatoa Sh40,000. Mnunuzi wako naye anatoa Sh52,000. Mawakili wanalipwa mara mbili. KRA inataka sehemu ya faida yako, na ushuru huo ulipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 mwaka 2023. Likiwa shamba la kilimo, unaomba idhini ya bodi ya ardhi mara mbili. Na hiyo milioni ya kwanza utaitoa wapi, wewe unayelipa renti kwa awamu?

Basi inabaki kuhamisha mkataba. Ni nafuu, mradi mkataba wenyewe uruhusu: wakili anaandika kwamba mnunuzi ni wewe “au mtu utakayemteua”.

Wangu ulikuwa na maneno hayo. Mzee mmoja wa Kamulu alikuwa anauza ploti apate karo ya kitindamimba wake. Tulikubaliana Sh900,000, nikaweka amana ya asilimia 10, nusu yake mkopo ambao mama alinichukulia kwa chama. Maana ya yale maneno sikumweleza. Nikapata mnunuzi wa Sh1.25 milioni. Siku ya kuhamisha, mzee akaona karatasi. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, “Kijana wangu, ulikuwa unajua?”

Nilikosa jibu. Mnunuzi alinusa ugomvi akaenda zake. Siku 90 za mkataba zikaisha sina salio, amana ikapotea. Mama bado analipa chama.

Utaniambia hata mwenye duka hakuonyeshi bei aliyonunulia. Kweli. Lakini mwenye duka alinunua sukari kwa pesa zake, na ikilowa mvua hasara ni yake. Wewe huna mali yoyote hapo, una saini ya mzee tu.

Hata huko tunakoiga wameanza kubana. Jimbo la Illinois tangu 2019 linataka leseni ukifanya zaidi ya dili moja kwa mwaka. Na hapa kwetu, anayefanya kazi ya uajenti wa ardhi anatakiwa awe amesajiliwa na bodi. Ukitaka kuifanya kazi hii kwa muda mrefu, anzia huko.

Kwa hivyo ukiniuliza uchague ipi, hamisha mkataba, tena mchana kweupe. Siku ya kwanza, kabla ya wakili, mwambie: “Mzee, ploti hii sinunui ya kukaa. Natafuta mnunuzi, na cha juu nitabaki nacho mimi.” Huenda akaongeza bei. Huenda akakubali kwa sababu ana haraka na yuko radhi.

Akikataa, umepoteza nauli ya Kamulu. Mimi nilipoteza Sh90,000.