Kabla ya Kukata Picha za Arusi

Baada ya arusi za msimu huu, wazazi kadhaa wametuuliza: mbona video huonekana safi katika kamera, lakini kompyuta hukwama tunapotaka kuikatakata na kuiunga?

Sababu ni namna ilivyobanwa. Kamera nyingi za mkononi zilikuwa zikitumia mfumo wa AVCHD, uliotangazwa na Sony na Panasonic mwaka 2006. Ili kuokoa nafasi, mfumo huo huhifadhi picha chache kwa ukamilifu. Nyingine huandikiwa tu mabadiliko yake kutoka zile jirani. Ukikata katikati, kompyuta hulazimika kuzijenga upya kwanza.

Dawa ni kuigeuza video kuwa ProRes au DNxHD, ambamo kila picha hujitegemea. Programu ya bure iitwayo FFmpeg huifanya kazi hiyo. Faili litakuwa kubwa mara kadhaa, ingawa picha haitakuwa bora kuliko ya awali.

Jambo moja tunalisisitiza: nakilini folda nzima ya kadi, kwani hafla ndefu huhifadhiwa vipande vipande, wala msiifute nakala ya asili. Sisi tuliigeuza video ya marehemu mama yetu kuwa faili dogo, kisha tukaifuta kadi. Leo uso wake umejaa miraba, na hatuna pa kuurejea. Sauti yake, alhamdulillahi, ingalipo.