Degedege: Uamuzi unaovuka mipaka ya elimu

MTOTO anapokaza viungo na kugeuza macho kwa degedege, familia nyingi za Masasi na Newala hukabiliwa na njia mbili: mganga wa tiba asili, au hospitali, kama ile ya Mtakatifu Benedikto iliyopo Ndanda, katika misheni ya Wabenediktini iliyoanzishwa mwaka 1906.

Wanaoanzia kwa mganga huitwa wajinga. Tuhuma hiyo haitoshi, kwani wengi wao ndio hao hao wanaopeleka watoto kliniki kupata chanjo.

Kinachoamua ni kile ambacho mtu anakithamini. Kwa wazee wengi, degedege hutokana na shetani, na imeenea imani kwamba mgonjwa wake akichomwa sindano atakufa. Miongoni mwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, wanaofuata ukoo wa mama, neno la bibi na la mjomba ni zito. Mama anayelipuuza huhatarisha heshima yake, na mtoto akifariki lawama zitamwangukia yeye.

Dini nayo ina nafasi yake. Wapo waumini wanaokataa katakata ramli na mizimu, lakini hunywa mizizi bila kusita. Mwaka 2011 maelfu walifurika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Sh500 cha Ambilikile Masapila. Wengi walivutwa na mtoaji: mchungaji mstaafu aliyesema ameoneshwa dawa hiyo na Mungu.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliwatambua waganga na kuunda Baraza la kuwasajili. Hata hivyo, sheria haiwezi kuamua nani aaminiwe usiku wa manane.

Hatari ni kubwa, kwa kuwa degedege huweza kuwa dalili ya malaria kali, inayoua ndani ya muda mfupi. Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani limependekeza watoto wa Afrika wenye malaria hiyo wachomwe sindano ya artesunate. Chimbuko lake ni mmea wa tiba asili ya China, uliompatia Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Sindano inayoogopwa, kwa hiyo, imezaliwa na mitishamba.

Kuwabeza waganga hakutaokoa mtoto. Mganga anayeheshimiwa na kufundishwa dalili za hatari anaweza kuwa wa kwanza kusema mtoto apelekwe hospitali, na neno lake bibi atalisikia.