Kikokotoo cha Grafu na Lugha ya Kukihoji

Tangu kikokotoo cha kuchora grafu, Casio fx-7000G, kilipotolewa mwaka 1985, mjadala juu ya chombo hicho umeachiwa wanahisabati. Rai ya makala haya ni kwamba suala hili ni la kiisimu pia. Ushahidi wake unadhihirika katika mazoezi ya fanksheni za uwiano, yaani zile ambazo kiasi na asili zake ni polinomia.

Tuchukue fanksheni (x² – 4)/(x – 2). Mara nyingi kikokotoo huichora kama mstari mnyoofu usiokatika, sawa na ule wa x + 2. Lakini x ikiwa 2, asili huwa sifuri na fanksheni haina thamani; hapo pana tundu ambalo jicho halilioni. Kwa upande mwingine, katika 1/(x – 2), kikokotoo kilichopangwa kuunganisha nukta huweza kuyaunga matawi mawili ya grafu kwa mstari wa wima usiokuwapo. Mashine hiyohiyo huficha pengo lililopo na kuonyesha mstari usiokuwapo.

Hii haina maana kwamba chombo hiki hakifai. Katika mlinganyo x/(x – 3) = 3/(x – 3), mwanafunzi anayezidisha pande zote kwa x – 3 hupata jibu 3. Grafu za pande hizo mbili hazikutani popote, nazo humtahadharisha kwamba jibu hilo ni batili. Hata hivyo, grafu haitoi sababu. Sababu hutolewa kwa sentensi: x ikiwa 3, asili ni sifuri, na hakuna kugawanya kwa sifuri.

Sentensi hiyo si ngeni kwa mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, lugha iliyofanywa ya kufundishia katika ngazi hiyo mwaka 1967. Maneno kiasi na asili aliyapata huko alipojifunza sehemu. Anapoingia sekondari, ambako hisabati hufundishwa kwa Kiingereza, huanza kuzitafuta upya dhana alizokwisha kuzimiliki. Akipewa kikokotoo katika hali hiyo, huinakili picha bila kuihoji, kwa kuwa hana lugha ya kuihojia.

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha za hisabati ya juu. Hoja hiyo ni dhaifu. Neno asimptoti linatoholeka bila taabu. Kiingereza chenyewe kililipata kutoka Kiyunani. Aidha, kiini cha mada hii hakimo katika istilahi ngeni, bali katika neno asili ambalo mwanafunzi analo tayari.

Kwa hiyo, inafaa kila zoezi lianze kwa maelezo ya Kiswahili: ni kwa thamani zipi asili huwa sifuri, na grafu itarajiwe kuwaje hapo? Kitufe kibonyezwe baadaye. Kwa utaratibu huo, kikokotoo kitakuwa shahidi anayehojiwa, wala si hakimu.